Baiskeli ya Rangi Mteremkoni

Leonsia mwanangu,

Mambo ya kuchemsha maji ya kunywa, kufunga mlango kwa komeo na kutomwamini kila anayekuita dada nayaacha. Shangazi yako ameshakuchosha nayo tangu Jumapili, na akili zako zinakutosha. Nakuandikia yale ambayo nikiyasema kwa mdomo nitagomba. Nikigomba, wewe utabeba ndoo uende kisimani kama kawaida yako, na baba yako atakohoa kile kikohozi chake cha kuniambia ninyamaze. Barua haikoholewi. Kaa chini uisome mpaka mwisho, hata pale utakapokasirika, maana utakasirika.

Kesho unakwenda Kibondo kuanza kazi kwenye kampuni anayofanyia kazi Erasto. Habari hizo sikuzipata kwako wala kwa baba yako. Nilizipata dukani kwa Bi Mwajuma, nilipokwenda kununua chumvi. Akaniambia, "Hongera, Mama Leonsia, binti kapata kazi kwa Injinia." Nikamuuliza injinia yupi. Akanitazama, akagundua kwamba sijui, akaanza kupanga upya vibiriti vilivyokuwa vimeshapangwa. Mwanamke yule ana kila sababu ya kufurahia aibu yangu, na hakuifurahia. Nilirudi nyumbani bila chumvi, nikawakuta wewe na baba yako mnacheka uani, nikapika hivyo hivyo. Mlikula maharage yasiyo na chumvi na hakuna aliyeuliza.

Iliniuma, Leonsia. Sina haja ya kuzunguka.

Sikulaumu kwa kutaka kazi. Umetoka chuo na cheti chako cha ufundi wa barabara, umerudi kulima mihogo na mimi, na kila ukipita sokoni kuna mtu anakuuliza, "Kumbe bado upo?" Najua swali hilo linavyochoma. Nimekuona ukipanda kule juu kanisani kutafuta mtandao, utume maombi, kisha ukishuka na uso uleule uliopanda nao. Angekuwa mtu mwingine yeyote, leo ningechinja kuku nikaimba mpaka majirani waombe nipumzike. Lakini ni Erasto, na wewe unamjua nusu tu.

Unamjua Injinia mwenye gari jeupe anayemletea baba yako sukari. Mimi namjua Erasto yatima, aliyelelewa na bibi yake kwenye kile kibanda kilichokuwa juu ya shamba letu. Bibi hakuwa na nguvu ya jembe, hivyo mtoto alikula kwa zamu, leo kwetu, kesho kwa jirani. Alipofaulu kwenda sekondari Kibondo, kijiji kizima kilimfunga mzigo. Huyu alileta maharage, yule blanketi, mwingine viatu vya marehemu mumewe vilivyomzidi miguu. Sanduku la bati lilikuwa langu, nilikuja nalo nilipoolewa. Nilitoa nguo zangu nikazitia kwenye gunia, nikampa.

Baba yako ndiye aliyempeleka. Lami haikuwepo. Alimpakia kwenye keria ya baiskeli, sanduku likafungwa kwa mipira pale mbele, wakaondoka mvua ikinyesha. Palipokuwa na tope jingi baba yako alibeba baiskeli begani na mtoto akabeba sanduku kichwani. Alirudi miguu imevimba. Nikawa namkanda kwa maji ya moto naye anacheka tu, "Domitila, tumepeleka mtu." Hakusema nimempeleka. Alisema tumepeleka, na kwa miaka mingi nilipenda neno lile.

Wewe ulisoma mbali, unajua mtu wa huku anavyopokelewa. Ukifungua mdomo tu, Kiha kinachungulia kwenye Kiswahili chako, watu wanacheka, wanakuuliza umekuja kulinda geti la nani. Mwisho wa reli, wanatuita, na sisi huku juu hata reli yenyewe hatuioni. Sasa fikiria tulivyojisikia siku tuliposikia kwamba mtoto wa keria ya baba yako Yeremia amekuwa injinia. Hatukuwa na mwingine wa kujivunia. Nadhani kosa letu lilianzia hapo, kabla hata ya ile njia ya waenda kwa miguu kuja.

Lami ilipofika tuliishangilia, na sikatai, imetufaa. Mgonjwa anafika hospitali, ndizi haziozi njiani. Ila ilijengwa kwa ajili ya wenye magari. Sisi wa miguu na wa baiskeli tukabaki kwenye ukingo usiotosha hata mbuzi: wanaume wanaosukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi, akina mama wenye mihogo kichwani, watoto wa shule. Pale mteremkoni, kutoka shuleni mpaka darajani, basi likija mtu alikuwa anachagua, aingie mtaroni au agongwe. Tulilalamika mpaka serikali ikaleta fedha za njia ya waenda kwa miguu na baiskeli.

Kwenye mkutano wa kijiji wa njia hiyo wewe ulikuwepo, ulikuwa umekuja likizo. Walitusomea kwamba njia itajengwa pande zote mbili za barabara, kutoka sokoni hadi darajani, itenganishwe na magari kwa mawe ya zege, na mtaro uwekewe mifuniko. Bango likasimikwa sokoni na maneno hayohayo. Tukaambiwa tuchague kamati yetu ya kufuatilia, na kwamba kamati hiyo itaitembea njia yote pamoja na msimamizi kabla ya kusaini kuwa imeikubali. Bila saini zetu kazi haijaisha. Nilichaguliwa mwenyekiti. Bi Mwajuma akachaguliwa mjumbe, kwa kuwa duka lake linatazama barabara. Na msimamizi aliyeletwa, mtu wa kusimama katikati ili mkandarasi asile fedha za serikali, alikuwa Erasto. Tulipiga vigelegele mpaka koo zikakauka.

Siku ya kwanza alishuka kwenye gari na kofia ngumu kichwani. Akaivua, akachuchumaa mbele ya wazee, akawapigia makofi ya salamu taratibu, kama bibi yake alivyomfundisha. "Mwidiwe," akawaamkia kwa Kiha. Wataalamu wengine hutupa mkono mmoja, wa pili uko kwenye simu. Huyu alitusalimia kwa makofi yetu. Wazee wakamjibu kwa makofi, na salamu ya kwetu haina haraka, ikaendelea mpaka dereva akazima gari. Mimi nililia. Kama siku ile angetuletea njia ya majani ya migomba tungeipokea.

Kazi ilianza vizuri. Kutoka sokoni mpaka shuleni, upande mmoja, walijenga njia, na ni njia kweli, hata leo unaiona. Upande wa pili haukuguswa. Bi Mwajuma akaniuliza, nami nikamuuliza Erasto, akasema, "Unakuja, mama." Mteremko nao haukuguswa. Nikauliza, akasema, "Mvua zipungue kwanza, mama." Kila akiniita mama swali langu lilikuwa linapungua urefu. Nikirudi kwa Bi Mwajuma namwambia kijana amesema unakuja, naye ananijibu, "Haya, tungoje." Kumbe yeye hakuwa anangoja, alikuwa anaangalia.

Siku ya makabidhiano ilipangwa ghafla. Turubai likafungwa sokoni, mbuzi wakachinjwa, mgeni rasmi akaja na msafara wake. Akakata utepe, akatembea kidogo kwenye kile kipande kizuri, akarudi kivulini. Manyunyu yakaanza. Karatasi za kusaini zikaletwa mezani kwetu kabla ya chakula. Ndipo Bi Mwajuma akasimama, akasema kwa upole kabisa, "Mwenyekiti, utaratibu ni kuitembea yote kwanza. Na mteremko je?"

Watu wakaguna. Erasto akatazama chini. Na mimi mama yako, ndani ya kitenge changu cha sikukuu, nikasimama. Nilisema, "Bi Mwajuma, babu yako alikuja na biashara kutoka Ujiji, hujui tulivyomlea huyu kijana. Dukani kwako pima sukari upendavyo. Sisi mtoto wetu hatumpimi kama mwizi." Nikapigiwa makofi, mpaka na mgeni rasmi. Bi Mwajuma amezaliwa hapa, mwanangu, na kaburi la mama yake liko hapa. Aliketi. Nikasaini wa kwanza, wenzangu wakafuata, yeye akakataa, tukasema ana roho mbaya. Nyama ya mbuzi ilikuwa tamu, na niliila.

Siku chache baadaye vijana wakashuka mteremkoni na ndoo za rangi. Hawakuwa na zege wala kokoto. Walichora mstari mweupe kwenye ukingo wa lami, palepale mabasi yanapokanyaga yakipishana, na ndani ya mstari wakachora baiskeli. Kubwa, nzuri, na spoku zake. Nilikwenda kuitazama nikiwa na wanawake wenzangu, na mmoja akasema labda ni alama tu, njia yenyewe itawekwa juu yake. Nikampigia simu Erasto. "Mama, hiyo ndiyo njia," akasema. "Kitaalamu inakubalika." Nikamuuliza mawe ya kuzuia magari yako wapi. Akasema yuko kikaoni.

Juma lililofuata bango la sokoni liling'olewa. Nikaenda ofisini wilayani kuuliza, nikavaa vizuri, nikangoja kwenye benchi mpaka mchana. Afisa aliyenipokea hakuwa na ukali. Alifungua faili, akanigeuzia, akaweka kidole kwenye saini. "Mama, huyu si wewe?" Nikasema ni mimi. "Basi kazi ilishapokelewa na wananchi wenyewe." Aliniambia kwa sauti ya kumfariji mtu, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Nilitoka pale nikiwa sioni hata mlango uliko.

Yaliyompata baba yako unayajua, ila hukuwepo. Alikuwa anashusha ndizi kwenda darajani, anatembea kando ya baiskeli, ndani ya mstari. Nilikuja kumuuliza hospitalini kwa nini hakushika mtaro kama zamani. Akanijibu, "Si Erasto amechora tupite pale?" Mabasi mawili yalipishana. Hakugongwa yeye, uliguswa mzigo tu, ukamvuta pamoja na baiskeli mpaka chini mtaroni, nyonga ikavunjika. Anaishi, tunamshukuru Mungu. Lakini mwanamume aliyebeba baiskeli begani mpaka Kibondo, leo anasukumiwa kiti kufuata jua uani, na akitaka kwenda chooni ananiita kwa sauti ndogo ili wageni wasisikie.

Erasto alikuja kumwona. Nimtendee haki, alilia, na sidhani machozi yale yalikuwa ya uongo. Baba yako aliposinzia tukakaa jikoni, nikamuuliza, "Erasto, mteremko ulikwenda wapi?" Akasema, "Mama, mimi nilikuta imeshaamuliwa. Fedha ilikuwa imeshapungua huko juu kabla ya kufika site. Nikaambiwa nifunge kazi, na rangi ndiyo iliyokuwa imebaki. Ningesema nini? Ningefukuzwa, wangeleta mwingine."

Nikamuuliza, "Na sisi?"

"Ninyi nilijua mtanielewa."

Moyo wangu ulikatika hapo, wala si kwenye rangi. Kwamba kuna wakubwa wanakula, hilo tunalijua, tumelikuta na tutaliacha. Hao hawakuwahi kula nyumbani kwangu. Huyu angeweza kunong'ona siku yoyote, mama, msisaini. Neno moja tu. Tungekaa barabarani sote, na kama angefukuzwa angerudi kula kwa zamu kama zamani, na hakuna ambaye angemhesabia tonge. Badala yake alinyamaza, akatuachia tumshangilie. Alijua hatutampima, na alijua kwa sababu sisi ndio tuliomlea. Asante ya punda ni mateke, lakini punda hakuiti mama kabla ya kukupiga.

Nilikwenda dukani kwa Bi Mwajuma. Sikujua pa kuanzia. Nikachuchumaa mbele ya kaunta, nikampigia makofi kama anavyosalimiwa mkubwa, wateja wake wakitazama. Akatoka nje akaniinua. "Acha bwana, utanifukuzia watu. Ingia ndani tuandike." Tukaandika malalamiko kwa wale wanaokagua fedha za umma. Wengi walikataa kutia majina, wakasema mtamharibia mtoto wetu. Aliyenishangaza ni jirani yetu Mama Goreti, ambaye wazazi wake walikuja kama wakimbizi kutoka Burundi na uraia wamepata juzijuzi tu. Mimi nilidhani ataogopa. Alisema majina ya kwao yameandikwa maisha yote kwa ajili ya kuomba, sasa la kwake anataka liandikwe kwa ajili ya kudai. Akaandika kwa herufi kubwa.

Jina langu lilitangulia, kwa sababu hata saini yangu ilitangulia. Wakaguzi wamejibu kwamba watakuja kupima, na wanamtaka yule aliyesaini awatembeze mwenyewe, aseme alionyeshwa nini na hakuonyeshwa nini. Nikijitoa mimi, waliobaki hawana la kusema. Bi Mwajuma hakusaini, ataambiwa ana chuki zake. Faili litafungwa, na safari hii litafungwa na mimi kwa mara ya pili.

Siku chache baada ya ile niliyorudi bila chumvi, Erasto alikuja hapa. Wewe ulikuwa umekwenda Kasulu mjini kununua begi. Aliketi na baba yako, kisha akaomba niitwe. "Mama, Leonsia ana kichwa kizuri, nataka nimshike mkono. Ila fikiria mwenyewe. Binti yuko ofisini kwangu, mama yake ametangulia kwenye malalamiko ya kazi yangu. Watu watatuelewaje? Sisemi uondoe jina. Nasema ufikirie, kabla hajaripoti." Aliyasema hayo kwa Kiha, kwa heshima zote, na alipoaga alituaga kwa makofi. Mimi sikuyaitika.

Alipoondoka baba yako akasema, "Liondoe, Domitila." Nikamwambia hata kidogo. Akaniambia, "Nyonga iliyovunjika ni yangu. Kama mimi nimemsamehe, wewe unadai kwa niaba ya nani?" Amemsamehe kweli, tena si kwa ajili ya sukari, usimdharau baba yako hivyo. Erasto ndiye kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya. Akikubali kwamba amemtenda vibaya, ile safari ya tope yote itakuwa bure, na kwenye kile kiti hana safari nyingine ya kukumbuka. Namwelewa. Hata hivyo nilijiona nimeachwa peke yangu ndani ya nyumba yangu.

Halafu wewe. Juzi tunamenya mihogo, ukaniuliza bila kuinua macho, "Mama, kwani lazima jina liwe la kwako? Bi Mwajuma si yupo?" Ulilisema kama mtu aliyekwisha kulifanyia mazoezi. Nikajua kwamba unalijua sharti la Erasto, na kwamba ulilijua kabla yangu. Mmekaa watatu mkakubaliana juu ya jina langu, mimi nikiwa shambani. Nilikuambia uongeze kuni, kwa sababu ningefungua mdomo zaidi ya hapo ningekuambia maneno ambayo mzazi hayarudishi.

Sasa hasira imepoa kidogo, nisikilize. Siogopi kwamba utakwenda kuiba. Sikukulea hivyo, ingawa na yeye hatukumlea hivyo. Naogopa siku utakapofika mahali ukute imeshaamuliwa. Haitakuja na ukali. Atakayekuletea karatasi atakuwa mtu mwema, amekusaidia, anakuita mdogo wangu, na chai iko mezani. Utaona kwamba kutoka nje kuitembea kazi kabla ya kusaini ni kumvunjia heshima. Mimi niliona hivyo, mbele ya kijiji kizima, na nikapigiwa makofi kwa kuona hivyo.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu baba yako alale hospitalini. Kama Erasto angejua kwamba mama Domitila atashuka ule mteremko na kamba yake ya kupimia, mvua inyeshe isinyeshe, huenda angekuwa na la kuwaambia wakubwa wake. Angewaambia, wale wanawake hawatasaini, mimi nifanyeje? Tungempa mahali pa kuegemea. Tulipokataa kumpima tulidhani tunampenda, kumbe tulimwacha peke yake na watu waliokuwa wameshaamua. Kosa lake ni lake, silibebi. Lakini hili la kwetu nalijua, na nisingependa ulirithi. Uwe na watu wanaokupima, mwanangu. Na ukiwakuta wameshaamua, njoo utuambie mapema, hata kama hatutakuelewa.

Jibu langu ni hili. Sitaondoa jina. Nimemwambia baba yako leo mchana, na tangu hapo ananiomba maji kupitia kwa shangazi yako. Erasto bado hajui. Huenda ukifika Kibondo ukaambiwa nafasi imejaa. Huenda ukakalishwa kwenye kiti siku nzima, kila anayepita anakuambia subiri. Huenda pia akakupokea, maana si mnyama, lakini usilitegemee hilo. Nakunyang'anya kazi uliyoihangaikia, kwa ajili ya mteremko ambao wewe mwenyewe unauacha. Ukisema nimekusaliti, sina pa kukupinga, kwa sababu ndivyo ninavyojisikia na mimi nikiandika.

Nimejaribu kuliondoa jina langu moyoni kwanza, nione kama mkono utafuata. Kila nikijaribu nawaona watoto wa shule asubuhi. Wanatembea juu ya ile picha ya baiskeli kwa mstari mmoja, wameshikana mikono, kwa sababu mwalimu amewaambia hiyo ndiyo njia yao. Wanaiamini kama baba yako alivyoiamini. Mimi ndiye niliyesaini kwamba ni njia.

Ningeweza kunyamaza. Ungepanda basi ukicheka, ungefika, ungeyasikia huko huko kwa mdomo wa Erasto, nami ningesema simu ilikuwa haina chaji. Hivyo ndivyo tulivyofanyiwa sisi, tuliambiwa rangi ikiwa imeshakauka. Kwa hiyo barua hii sikuificha kwenye begi uje kuikuta kati ya nguo. Nakupa jioni hii, mkononi, ukiwa bado hapa. Ukiamua kwenda ukamwambie mwenyewe, mama amekataa na mimi nimekuja kufanya kazi, nitakubebea begi mpaka kituoni. Ukiamua kubaki, baki, sitakuuliza lolote, na hakuna atakayekuuliza mbele yangu.

Na kama kwanza unataka kunigombeza, niko jikoni na nimemtoa shangazi yako. Njoo uniambie usoni. Nitakusikiliza mpaka umalize.

Mama yako,
Domitila